Vista ya Wagalu

Mayala alikuwa na mdomo ambao mji mzima wa Masumbwe uliujua. Aliyetaka kadi zake za harusi zitoke vizuri alikwenda kwake. Aliyetaka kusifiwa alikwenda kwingine. Mteja akileta flashi iliyojaa virusi, Mayala hakusema pole. Alisema, "Hii umeiokota choo cha stendi?" Kisha aliisafisha, akairudisha mkononi mwa mwenyewe ikiwa imepona, na mteja akaondoka asijue ashukuru au anune.

Mdomo huo ulikuwa wa urithi. Baba yake alikuwa manju, mwimbishaji wa ngoma upande wa Wagika, na ngoma ya Kisukuma haina refa. Wagika wanapiga huku, Wagalu wanapiga kule, uwanja mmoja, saa ileile, na watu wanakwenda kwenye raha zaidi. Kazi ya manju ni kuwatukana wapinzani kwa wimbo mpaka umati wao ucheke na kuhama. Ukiona nyuso, umeshinda. Ukiona migongo, kusanya ngoma zako urudi nyumbani. Mayala aliacha shule darasa la sita ili azunguke na baba yake viwanjani, na mzee alipofariki ng'ombe walichukuliwa na baba wadogo, ngoma zikaliwa na mchwa. Yeye akabaki na mdomo. Baadaye alikwenda Geita, akafagia duka la picha la mjomba wake, akajifunza kompyuta kwa kuchungulia, na mdomo ule akaupeleka huko.

Yeye ndiye aliyeanzisha habari ya Wagika na Wagalu wa Windows. Siku moja umeme ulikatika, watu wamejikinga mvua barazani kwake, na Mayala hakuwa mtu wa kukaa kimya bure.

"Wanaotengeneza hizi Windows," alisema, "ni kama mama anayezaa mwenye akili, halafu mpumbavu, halafu mwenye akili, halafu mpumbavu, na kuzaa haachi. Ekspii ilikuwa mtoto mwenye akili. Ikafuata Vista, zezeta. Ikaja ya saba, Seveni, mtoto mzuri. Ikaja ya nane, Eiti, hiyo hata baba yake aliikana. Teni, afadhali. Ileveni, wazimu umerudi. Mimi nawaambia, Ekspii, Seveni na Teni ni Wagika. Vista, Eiti na Ileveni, Wagalu watupu."

Watu walicheka. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibao cha Fredy Kompyuta, mtu mmoja hakucheka.

Fredy alikuwa kijana wa tai. Masumbwe kuna vumbi la kuzika mtu, lakini Fredy alifunga tai, na soksi zake zilikuwa nyeupe mpaka saa nne asubuhi. Babu yake alikuwa manju wa Wagalu, tena manju mkubwa, ambaye nyimbo zake bado ziliimbwa vilabuni. Mtu mwenye akili timamu angesema mashine hazina ukoo. Fredy hakusema hivyo. Kesho yake alibandika karatasi mlangoni: HAPA VISTA INAPATIKANA. Akaiondoa Seveni kwenye mashine yake bora, akaweka Vista, na tangu siku hiyo akawa anaitetea kama anatetea kaburi la babu yake. Mashine ikawa nzito kama gogo. Fredy akavumilia. Kwa heshima ya ukoo alichapa barua moja kwa saa nzima.

Mji ukagawanyika. Wachimbaji wa dhahabu waliotoka mikoani, ambao hawakujua Mgika ni nani wala Mgalu ni nani, nao wakachagua pande. Kila asubuhi Fredy alivuka barabara, akasema, "Shikamoo mzee Mayala," akaitikiwa, "Marahaba," kisha akasema, "Ekspii yako imeamka au bado inatibiwa virusi?" na siku ikawa imeanza.

Aliyechoka na habari hizo alikuwa Loveness, binti ya Mayala. Alikuwa amemaliza ufundi wa kompyuta Shinyanga mjini, akarudi nyumbani na cheti kizuri, na tangu arudi kazi yake ilikuwa kuwajazia waendesha bodaboda nyimbo kwenye simu na kuchapa ratiba za mazishi. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba Madamu Eufrasia amepata kompyuta za shule, Loveness alinyoosha blauzi yake nyeupe, akaitundika, na kila jioni akaipangusa vumbi.

Madamu Eufrasia alikuwa Mhaya, mwenye shule ya msingi ya binafsi njia ya kwenda Ushirombo. Kompyuta zilikuwa msaada wa watu wa nje. Zilikuwa zimeshushwa bandari kavu ya Isaka na kuletwa juu ya lori la saruji. Zilikuwa mitumba, kila moja na umri wake na Windows yake. Madamu alituma ujumbe kwa mafundi wote wawili, maneno machache: siku ya gulio nitazileta kwenu, mzikague, mniambie niweke Windows ipi kwa zote ili watoto wasome kitu kimoja. Nitakayemwelewa, huyo nitampa chumba cha kompyuta akitunze, na yeye ataniletea mwalimu wa kukifundishia.

"Baba," Loveness alisema asubuhi ya gulio, amekwisha kuvaa blauzi. "Leo naomba mdomo wako ulale."

"Umelala."

"Madamu anataka jibu. Ipi, na kwa nini. Basi."

"Nimesikia, mama."

"Ukimtukana Fredy nakwenda kuchimba dhahabu."

"Nimesema nimesikia! Mtoto gani huyu, anamfunga baba yake kamba kama mbuzi."

Aliyesikia yote hayo alikuwa Mwanaima, mke wa dereva wa lori, aliyekaanga chapati barazani kati ya duka la Mayala na duka la mbolea. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kwa Mzaramo Msukuma ni mtani. Hakuna neno analoweza kumwambia likawa kosa.

"Loveness mwanangu," alisema bila kuinua macho kwenye kikaango, "Msukuma kumwambia anyamaze penye watu ni sawa na kumwambia fisi alinde bucha. Vaa buti kabisa, uende mashimoni."

Toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma, ilifika gulio likiwa limechangamka. Madamu Eufrasia alishuka kwenye kiti cha mbele, mnene, amejifunga kitenge juu ya gauni la ofisini, mwavuli mkononi. Kompyuta zilishushwa zikapangwa juu ya meza mbili barazani kwa Mayala. Fredy alivuka na tai yake. Nyaya zikachomekwa, mashine zikawaka moja baada ya nyingine, kila moja na uso wake: kilima kibichi cha Ekspii, kioo cha Vista, vigae vya Eiti.

Kosa lilikuwa hilo, kuziwasha barazani siku ya gulio. Wauza mpunga walisogea. Waliokuja kuuza kuku wakaja na kuku wao. Wachimbaji wenye tope jekundu miguuni wakasimama na mishikaki mkononi. Mayala aliinua macho akaona watu wametanda upande wa kwake, na upande wa Fredy wametanda vilevile, na katikati pamebaki uwazi. Uwanja.

Damu ya baba yake ikamwasha kwenye visigino.

"Mzee Mayala," Madamu alisema, "tuanze na wewe. Ipi?"

Loveness alimtazama baba yake. Mayala alifungua mdomo aseme Teni. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini Fredy, shetani yule, alikuwa ameinama kwenye mashine ya Vista, anaifuta kioo kwa leso yake nyeupe, polepole, mbele za watu.

"Madamu," Mayala alisema, "kabla sijakwambia ipi, wacha nikwambie ipi siyo."

"Amekwisha," alisema Mwanaima, akageuza chapati.

"Hii anayoipangusa kijana, hii Vista. Ukitaka kufungua faili yako mwenyewe, kwenye mashine yako mwenyewe, ndani ya nyumba yako mwenyewe, inakuuliza: una uhakika? Ndiyo. Umeruhusu? Nimeruhusu. Ni wewe kweli? Mama mkwe mlangoni ana nafuu! Na feni lake! Ukiiwasha hapa, machimboni Nyarugusu wanadhani karasha la kusagia mawe limeanza kazi. Unaiwasha asubuhi, unakwenda shamba, unapalilia, unarudi, ndiyo kwanza inakukaribisha."

Upande wake ulicheka. Upande wa Fredy ulijizuia, ukashindwa.

"Hii ya vigae, Eiti. Walioitengeneza walikuwa gesti, wakaangalia ukuta wa bafu, wakasema hii tuweke kwenye kompyuta. Wakang'oa kitufe cha Stati! Umejengewa nyumba haina mlango, unaambiwa papasa pembeni ya ukuta, ukibahatisha utaingia. Mzee Jilala wa ushirika nilimwekea hii, alinirudishia siku ileile akisema nimemwuzia televisheni."

Jilala mwenyewe alikuwepo, na kuku wawili kwapani. "Ni kweli!" alipaza sauti. "Nilitafuta stesheni!"

"Na Ileveni haipo hapa mezani. Kwa nini haipo? Imekataa kuja! Unaipelekea mashine nzima, yenye nguvu, inaikagua meno kama ng'ombe wa mnadani, inasema hapana, huyu mzee. Na ikikubali, inadai intaneti kabla haijakuonyesha hata uso. Masumbwe hii! Halafu kile kitufe cha Stati, wamekitoa pembeni wamekiweka katikati. Mgeni kalala kwako usiku mmoja, asubuhi kahamisha kitanda chako!"

Kelele zilipanda. Mtu alipiga kidumu cha mafuta kwa fimbo. Madamu Eufrasia alifungua mwavuli wake kwa sababu jua lilikuwa kali, na chini ya mwavuli uso wake ulikuwa hausomeki.

"Shikamoo mzee Mayala," alisema Fredy.

"Marahaba."

"Umemaliza?"

"Nimekuachia mifupa. Kula."

Fredy alivuka kurudi upande wake, akapanda juu ya benchi lake, akalegeza tai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Jamani, huyu mzee anasifiwa kwa Ekspii yake. Ekspii! Flashi moja kutoka kwa mpiga debe, na kila faili limegeuka njia ya mkato isiyokwenda popote. Hiyo si kompyuta, hilo ni lango la stendi, kila anayepita anaingia. Seveni yake nayo ni marehemu. Waliomzaa walishatangaza msiba miaka mingi iliyopita, huyu bado anampakulia ugali. Na Teni..." Alivuta pumzi, kama manju kabla ya ubeti wa kuua. "Waliozika kule kwa mzee Amosi mnakumbuka? Padri amesimama, jeneza limeshuka, ratiba ya mazishi hakuna. Kwa nini? Iko dukani kwa Mayala, Teni imesema subiri, najisasisha, usinizime. Marehemu amezikwa bila wasifu!"

Hilo lilimpata. Watu wa kwa mzee Amosi walikuwepo pale. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

"Na mnasema Vista mbovu," Fredy aliendelea, sauti imekolea. "Vista ilikuwa na sura! Kioo, unaona mpaka kilicho nyuma yake. Nyie mlikuwa na mashine za kimaskini ndiyo maana iliwaelemea. Mgeni wa heshima kaja, mmemkalisha kwenye kigoda, kimevunjika, mnamlaumu mgeni! Na hiyo Seveni mnayoiimbia ni nani? Hamjui? Ni Vista iliyooga!"

Umati ulilipuka. Mayala aliwaona wakihama. Kwanza wachimbaji, wenye mishikaki. Kisha wauza mpunga. Jilala naye, na kuku zake, baada ya yote yale, akavuka. Mayala aliona mgongo wa Jilala, shati limepasuka begani.

Kwa baba yake kulikuwa na dawa ya saa kama hiyo. Mpinzani akikutukana vizuri, usimjibu. Jitukane mwenyewe kumzidi. Atabaki na nini mkononi?

"Fredy!" alinguruma, akapanda juu ya kreti la soda la Mwanaima. "Hujui kutukana. Shuka hapo, wewe ni mwanafunzi. Unaisema Teni? Ninayeishi nayo ni mimi! Hiyo Teni inameza bando la wiki nzima sijapiga hata mswaki. Asubuhi inaniambia hali ya hewa ya mji ambao haupo Tanzania. Kila ikijisasisha inaiua printa yangu, naizika, naifufua, inaiua tena. Seveni? Seveni ni mstaafu wa reli: ukimletea kitu kipya anakwambia enzi zetu hakikuwepo, halafu anasinzia. Na Ekspii! Mnakiona kile kilima kibichi? Mimi Msukuma. Nimekaa miaka kumi natazama malisho yale, majani mpaka magotini, mawingu ya mvua, na sina ng'ombe hata mmoja anayeweza kuyafikia! Wamenitesa wale, siyo kunihudumia! Zote sita, Wagika na Wagalu, ukizitia kwenye gunia moja ukalitupa ziwani, samaki watahama!"

Waliporudi walirudi wakikimbia. Jilala alimpoteza kuku mmoja njiani. Kidumu kikapigwa, mama mmoja akapiga vigelegele, na Mayala, juu ya kreti, aliona nyuso tu, nyuso mpaka barabarani, na bodaboda zilizosimama kwa kukosa njia. Ng'ambo kule Fredy alikuwa amebaki na mbuzi wa mtu. Hata baba yake Mayala hakuwahi kumaliza uwanja hivyo.

"Mmemaliza?" aliuliza Madamu Eufrasia.

Alifunga mwavuli. Aliongea taratibu, sauti ya mtu aliyezoea watoto mia wanyamaze.

"Nimesikiliza vizuri. Nilikuja na swali moja, nimepata jibu kubwa kuliko swali. Mafundi wote wawili wa mji huu wamenihakikishia kwamba zote sita ni balaa. Mimi wazazi wananiletea watoto wao, siwezi kuwafundishia balaa." Akamgeukia dereva wa toyo. "Pakia. Tutawarudishia wenyewe. Kile chumba nitaweka mahindi."

Watu waliendelea kucheka kidogo, kama gari linavyoserereka baada ya kukanyagiwa breki. Dereva aliichomoa Vista. Kioo kikazimika.

Mayala bado alikuwa juu ya kreti. Alimtafuta Loveness kwa macho akamwona amesimama palepale aliposimama tangu mwanzo, mikono imeshika ncha za blauzi. Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu angelia. Alikuwa anamtazama kama wateja wanavyomtazama wakiambiwa picha zao zimefutika.

Kisha akatembea mpaka kwa Madamu.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Wewe ndiye binti yake? Pole."

"Madamu, baba yangu amekudanganya."

"Hee!" alisema Mwanaima, akaacha chapati iungue.

"Hajadanganya kwa kusema uongo. Yote aliyosema yapo. Lakini yeye hutukana anachokitumia. Asichokitumia hana habari nacho. Masika haya paa letu lilivuja dukani. Baba alivua koti akaifunika Teni, yeye akasimama kwenye maji mpaka mvua ikakatika, anaitukana. Akaniambia nikimwambia mtu atanifukuza. Hiyo mashine ya Teni ndiyo imenisomesha Shinyanga. Ukitaka kujua ipi inafaa, usimsikilize anasema nini. Mwulize anaifunika ipi."

Vicheko vilianza upya, lakini hivi vilikuwa na meno. "Koti!" mtu alisema. "Kaivisha koti!" Fredy, ng'ambo, alikuwa ameinua kichwa.

Madamu alimtazama Mayala. "Ni kweli?"

Mayala aligeuza macho kwenye mlango wa duka lake.

"Mzee Mayala. Nimesikia mabaya ya kutosha. Niambie jema la Teni hapa, nisikie. Ukishindwa, toyo inaondoka."

Masumbwe nzima ilisogea kusikiliza. Kidumu kikawekwa chini. Kila mzee pale alijua jambo hilo lilivyo: manju hasifu uwanjani. Manju anayesifu ni mpishi anayekula kabla ya wageni. Baba yake Mayala aliwahi kuvunjwa jino uwanjani akaendelea kutukana kwa pengo. Na hapa mwanawe anaambiwa asifu, tena asifu mashine, tena mbele ya mjukuu wa Mgalu.

Alitazama nyuso. Zilikuwa tamu, nyuso zile. Alimtazama Loveness, akatazama chini kwenye ncha za blauzi zilizokunjamana mikononi mwake, baada ya kupangushwa jioni zote zile.

"Inafaa," alisema.

"Sauti!" walipiga kelele wa nyuma.

"Nimesema Teni inafaa!" Akashuka kwenye kreti, kwa maana maneno kama hayo hayasemwi juu ya kitu. "Ukichomeka printa inaitambua, haikuombi diski iliyopotea mwaka juzi. Ina kinga yake ya virusi, hununui. Mtoto akiijua hii, ofisi yoyote atakayoingia hapotei. Hizi mashine nyingi zitaibeba, zile dhaifu zibaki na Seveni, bila intaneti, wajifunzie kuandika."

Hakuna aliyecheka. Hakukuwa na cha kuchekea. Sifa ni uji usio na sukari. Mtu hunywa kwa sababu ameambiwa na daktari. Mchimbaji mmoja alitupa kijiti cha mshikaki, akapiga mwayo, akageuka.

"Mnasikia?" Fredy alikuwa juu ya benchi lake, tai imezungushwa kichwani kama kilemba. "Mgika anasifu! Mgika amevisha mashine koti! Vista jamani, Vista haijawahi kuomba koti!" Akaanza kuimba, wimbo wa babu yake, ila palipokuwa na jina la babu aliweka Vista, na sauti yake ilikuwa nzuri, mjinga yule. Kidumu kikamfuata. Wauza mpunga wakamfuata. Jilala akavuka kwa mara ya tatu siku ile, na kuku aliyebaki.

Mayala aliendelea kuzungumza, kwa sababu Madamu alikuwa bado anasikiliza.

"Kuna ubaya mmoja nisikufiche," alisema. "Walioitengeneza wametangaza hawaiangalii tena hiyo Teni. Hawaitumii marekebisho mpaka ulipe au ujiandikishe kwao."

"Sasa si ubaya mkubwa huo?"

"Madamu, wewe umekaa Masumbwe miaka mingapi? Ni nani aliwahi kutuangalia sisi? Tupo."

Huo ulikuwa ubeti bora wa siku nzima, na waliousikia walikuwa watatu. Madamu Eufrasia alitoa kicheko kifupi, cha puani, akamgonga Loveness begani kwa mpini wa mwavuli.

"Jumatatu uje. Wewe peke yako. Mashine zikiharibika utamwita huyu, lakini aingie kwa mlango wa nyuma watoto wakiwa mapumziko."

"Ndiyo, Madamu. Asante, Madamu."

"Na hizi zirudishe kwenye toyo polepole, si magunia hayo."

Loveness alipanda nyuma kuzisindikiza kompyuta zake, akiishikilia ile ya Eiti kwa mikono miwili barabara mbovu isiivunje. Toyo ilipita katikati ya umati wa Fredy, watu wakaipisha bila kuitazama, walikuwa wanaimba. Loveness hakugeuka nyuma. Alikuwa anamwambia dereva apunguze mwendo.

Mayala alibaki barazani na meza mbili tupu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na migongo. Migongo ya kaunda suti, migongo ya tope, migongo yenye watoto. Watu waliowahi kurudisha kompyuta kwa kukosa stesheni walikuwa wamembeba juu mtetezi wa Vista, na soksi zake, sasa za vumbi, zilionekana juu ya vichwa. Mji wa namna hii, Mayala aliwaza, unastahili Windows yoyote itakayoupata.

"Mtani," alisema Mwanaima, akimletea chapati ile iliyoungua, "leo umekufa. Nakuzika na nini? Na koti?"

"Nizike na hii chapati yako, haitaoza kamwe."

"Afadhali! Nilidhani mdomo nao umefariki." Akaketi juu ya kreti lake. "Binti kapata kazi lakini."

"Kapata."

"Basi kula, acha kutazama makalio ya watu."

Dukani kulikuwa na bibi mmoja aliyeingia wakati wa fujo, Paskazia wa ng'ambo ya mto, amekaa kwenye stuli ya picha kwa subira, kitambaa kimenyooshwa kichwani. Alitaka picha za bima ya afya. Mayala alimsalimia, akamnyooshea bega, akapiga picha, akaigeukia mashine.

Kwenye kioo cha bluu vidoti vilikuwa vinazunguka. Inajisasisha, ilisema. Usizime kompyuta.

"Walisema haitasasishwa tena!" Mayala alisema. "Wametangaza dunia nzima!"

"Kuna nini, baba?" aliuliza bibi.

Alivuta pumzi. Hakukuwa na umati, hakukuwa na Mgalu, hakukuwa na mtu wa kuvuka barabara. Kulikuwa na bibi kizee mmoja na mashine moja yenye alama ya maji ubavuni, pale koti lilipoishia.

"Mama yangu," alisema, akivuta kiti, "kaa vizuri nikwambie hii takataka ilivyo."

Akaanza. Na ukutani, nyuma ya mlango, koti lilikuwa limetundikwa karibu, kwa maana upande wa Bukombe mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.